Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Nafuma sweta za shule. Mashine yangu nilikuwa nimeiweka sebuleni, karibu na mlango, kwa sababu hapo ndipo mwanga unapoingia. Hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, majirani wamejenga juu na kando mpaka madirisha yetu mengine yanatazama kuta za watu. Kwa miaka hii yote nimejifunza kumjua mtoto kwa sweta yake kabla sijamtazama usoni. Mchezaji hutoboa viwiko. Mchokozi huja na shingo iliyovutwa. Na kuna yule anayeletwa na sweta iliyotafunwa mwisho wa mikono, nyuzi zimefumuka, zimelowa mate. Mama yake huniambia, "Huyu ni mchafu tu, nitengenezee," nami nilikuwa natengeneza huku tukicheka.

Siku niliyofua sweta ya binti yangu nikakuta mikono yote miwili imetafunwa namna hiyo, sikucheka. Ilikuwa mwezi wa kwanza, shule zimefunguliwa juzi tu. Nikaitengeneza bila kumuuliza. Kabla mwezi haujaisha ilikuwa imetafunwa tena.

Alikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili, shule ya kutwa. Ndiye mtoto wetu wa pekee. Kabla ya hapo alikuwa na mdomo usiolala njaa: aliweza kumwiga mhubiri wetu, mwenye duka la kona na mimi mwenyewe nikigombana na mteja, wote katika mlo mmoja, mpaka baba yake anapaliwa na chai. Jina lake lina hadithi, na hadithi hiyo nilikuwa naipenda sana.

Mimi kwetu ni milimani, Nyeri. Huko binti wa kwanza anapewa jina la mama wa mume, hakuna mjadala, upende mkweo usimpende. Nilikuwa nimeshajiandaa. Lakini mume wangu ni mtu wa magharibi mwa nchi, na kwao mtoto hapewi jina la mtu aliye hai, wanamrudisha aliyekwenda. Binti yetu alizaliwa akilia. Akalia wiki nzima, usiku na mchana, mpaka wapangaji wa juu wakaja kuuliza kama tunamchoma sindano. Mama mkwe akapanda basi akaja. Aliketi kitandani pangu, akaniambia nimwekee mtoto titi, kisha akaanza kutaja majina ya wafu wao kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine. Bibi ya mume wangu: mtoto analia. Shangazi aliyekuwa mkunga: analia, anapiga mateke. Nikawa najizuia kucheka. Kisha mama mkwe akataja jina ambalo sikuwahi kulisikia katika nyumba ile. Mtoto akatulia, akashika titi, akanyonya mpaka akalala.

"Huyo ni nani, mama?" nikauliza.

"Dada ya mume wako. Malaria ilimpanda kichwani."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka nje bila viatu. Nikajiambia kwamba wanaume wa huko hawapendi machozi yao yaonekane. Hadithi hiyo niliwasimulia wateja miaka na miaka, nikiigiza na kile kilio, na kila mtu akacheka.

Sasa mtoto huyo alikuwa anazimika mbele yangu. Kwanza aliacha kuiga watu. Halafu aliacha kula. Ugali anaukata vipande vidogo vidogo, anavipanga sahanini, anavirudisha jikoni vimepoa. Nywele akakataa kusukwa. Akitoka shule analala na sare, na nikimwamsha anaamka kama mtu aliyechoka zaidi ya alipolala. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Nilimuuliza amekosana na nani, akasema hajakosana na mtu. "Mum, niache tu," alikuwa akisema, bila ukali wowote. Ningefurahi angenijibu kwa ukali.

Rafiki yake wa tangu chekechea, msichana wa mtaa jirani wa Buruburu mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, alikuja Jumamosi moja kumwona. Binti yangu akakataa kutoka chumbani. Yule msichana akasimama kando ya mashine yangu akisokota uzi kidoleni.

"Anti, mimi sielewi. Ako class lakini hayuko. Tukimuongelesha anasmile tu, na hiyo smile unaona ni ya kutuondoa. Hata nimeacha kumpigia, sababu akishika simu ananyamaza, nabaki naongea peke yangu."

Majirani hawakukosa jibu. Mmoja alisema ni mvulana. Mwingine akasema ni simu, mnyang'anye. Wa tatu, ambaye wanawe mwenyewe hawajui mlango wa jikoni uko wapi, akasema ni uvivu, mpe kazi. Wamama wa ushirika wa Jumatano wakaja kumwombea. Wakamkalisha kwenye kiti katikati ya sebule, wakamwekea mikono kichwani, roho ya uzembe ikakemewa kwa jina lake kamili, na yeye ameketi tu na mikono ndani ya sweta, anaangalia sakafu. Walipoondoka aliniuliza, "Wamesema niko na pepo?" Nikamwambia hawakusema hivyo. "Walisema," akasema. Na kweli walikuwa wamesema.

Mimi nina hasira za karibu. Jumatano iliyofuata nilifunga mlango, wakaimba wimbo mmoja nje, wakaenda. Mpaka leo kuna wawili hawanisalimii, na sijapungukiwa na kitu.

Mteja wangu mmoja ni muuguzi. Ndiye aliyenielekeza kwa daktari wa watoto, wa upande wa akili. Mume wangu aliomba ruhusa kiwandani, akavaa lile koti lake la matanga, tukaenda watu watatu. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, amevaa raba, na hakuanza na sisi wakubwa. Alimuuliza binti yangu mambo mengi kwa upole, kisha akamwomba akae nje kidogo, akatuambia huo ugonjwa una jina. Depresheni, akasema, na kwa Kiswahili ni sonona. Mimi nimeongea Kiswahili maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo.

"Lakini ni mtoto," nikasema. "Ana shida gani ya kumfanya awe na huzuni? Analishwa, anavishwa."

"Mama, si lazima kuwe na shida," akasema. "Ubongo wa mtu wa umri wake bado unajengwa. Sehemu inayohisi, inayoogopa, inayoumia, hiyo imeshawaka yote. Ile ya kupima mambo, ya kumwambia mtu kwamba hili litapita, inakuja kukamilika akiwa na miaka ishirini na zaidi. Kwa hivyo huzuni ikimshika, inamshika mahali ambapo bado hapana mlango wa kutokea."

Nilimwelewa upesi kuliko nilivyotarajia. Ninaishi mtaa ambapo watu huhamia chini huku mafundi bado wanamimina zege juu. Nilifikiria mwanangu akikaa ndani ya nyumba ya namna hiyo, peke yake. Daktari alitoa karatasi akauliza swali ambalo nadhani wanaulizwa wazazi wote.

"Kuna mtu katika familia, upande wowote, aliyewahi kuwa na hali kama hii? Au aliyejitoa uhai?"

Mimi nilimtaja mjomba wangu, aliyekunywa pombe mpaka ikamnywa yeye. Akaandika. Akamgeukia mume wangu.

"Kwetu hakuna," akasema mume wangu. Alijibu mara moja, kama mtu anayejibu askari.

Daktari akasema hiyo ni afadhali kidogo. Kama kungekuwa na jambo la namna hiyo karibu, angetaka kumwona mtoto kila wiki, na asiachwe peke yake hata kidogo katika majuma ya kwanza ya dawa. Kwa hali ilivyo, turudi baada ya mwezi, na tukiona chochote tusingoje. Tukanunua dawa, tukapitia kwa muuza chipsi, binti yangu akala tatu au nne. Nilifurahi siku ile. Nilikuwa nimepata jina la adui, nikadhani nimemshika.

Sitaandika alichofanya, wala alivyokifanya. Hilo ni lake, akitaka ataliandika yeye. Ilikuwa Jumamosi mchana kabla ya ule mwezi kwisha. Baba yake alikuwa zamu, nami nilikuwa nimetoka kidogo kupeleka sweta za mteja Buruburu, kwa sababu asubuhi ile alikuwa amekunywa chai na kuniambia iko tamu. Mpangaji wa juu, mwanamke ambaye tulikuwa tumegombania kamba ya kuanikia nguo, ndiye aliyemsikia na kupiga kelele mpaka watu wakavunja mlango. Nilipofika, jirani mwenye gari alikuwa ameshawasha injini. Nilipanda nyuma nikamlaza mapajani pangu, na njia nzima nilimwita jina lake, kwa nguvu, mpaka dereva akaniomba nipunguze aweze kusikia honi.

Aliishi. Naliandika hili haraka kwa sababu najua anayesoma anangoja, na kwa sababu hata mimi huwa nalirudia kila asubuhi kabla sijateremsha miguu sakafuni. Aliishi, na alipofungua macho wodini na kuniona, aligeuza uso upande wa pili. Sijawahi kuumizwa na mtu hivyo.

Mama mkwe aliwasili kesho yake. Hakuna aliyemwita; mume wangu alikuwa amempigia simu kumwambia tu kwamba mtoto ni mgonjwa. Ni mwanamke mwembamba, mkali, ambaye katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona akitoa chozi, hata tulipomzika mume wake. Alifika kando ya kitanda, akamwona mtoto amelala, akapiga magoti. Akaanza kulia kwa sauti ambayo wauguzi walitoka vyumbani kuja kuitafuta. Alikuwa anataja jina la mwanangu na kusema, "Mara hii sitanyamaza. Mara hii nitalia, wanifukuze." Nilimshika mabega nikamtoa hadi kwenye benchi la nje. Hapo, chini ya dirisha la famasia, watu wakipita na chupa za mkojo mikononi, akaniambia.

Haikuwa malaria. Binti yake alikuwa mwerevu, mwenye maneno mengi, kisha akaacha kuongea. Akaacha kuoga. Baba yake akamchapa kwa uvivu. Akaacha kwenda shule, akachapwa kwa hilo pia. Kisha siku moja wakamkuta. Na kwao, mtu aliyekufa kwa mkono wake haliliwi. Alizikwa jioni nje ya ua, bila watu, bila wimbo, wanawake wakakatazwa kupiga ukemi wa kilio. Vitu vyake vikachomwa. Jina lake likazikwa naye. Halikuwa la kutajwa, sembuse kupewa mtoto.

"Wewe ulilitaja," nikamwambia. "Kitandani pangu."

"Nililitaja," akasema. "Nilikuwa nimetaja wote, mtoto analia. Nikasema, hapa ni Nairobi, wazee hawanisikii, acha nimwite mtoto wangu hata mara moja tu. Sikutaka kumpa. Nilitaka tu kumwita." Akafuta pua kwa kanga. "Mtoto akanyamaza, mwanangu. Ningefanya nini? Niliona amenijibu."

Nilitaka kumchukia yule mama na sikuweza. Hasira yangu yote ikamwendea mume wangu. Alikuwa amesimama karibu na lango la hospitali, koti mkononi, anaangalia watu wakinunua machungwa. Nilimwambia mambo ambayo nisingependa mtu ayasome. Nilimuuliza aliwezaje kumtazama daktari machoni na kusema hakuna. Nilimuuliza kama mila ya kwao ilikuwa tamu kuliko mtoto. Watu wa machungwa waliacha kuuza, wakawa wanasikiliza.

Hakujitetea. Aliniambia kwamba dada yake alipokufa yeye alikuwa na miaka kumi. Yeye ndiye aliyetumwa kuleta kiberiti. Alisimama na baba yake na ami zake, wakachoma godoro, vitabu, sare ya shule. Baba yake akawageukia wote akasema, katika nyumba hii hapakuwa na huyu mtoto, na atakayeulizwa ajibu hivyo.

"Nimejibu hivyo tangu siku hiyo," akasema. "Daktari aliniuliza, na mdomo ukajibu wenyewe. Nilijisikia nikisema."

Nilirudi ndani nikamtafuta daktari, nikamwambia kila kitu mimi mwenyewe, mtu wa milimani, nikiwatolea siri watu wa magharibi. Hakunilaumu, wala hakumlaumu mume wangu. Alibadilisha mipango. Mtoto alikaa wodini muda mrefu, na alipotoka ilikuwa kila wiki kliniki, mazungumzo, dawa nyingine, na mtu mmoja wetu ndani ya nyumba wakati wote. Daktari alirudia mara kadhaa kwamba kinachorithiwa ni wepesi wa kuumia, na kwamba mwisho haurithiwi na mtu. Nililishika neno hilo. Nalishika bado, ingawa kuna siku mikono inachoka.

Sasa tuko nyumbani. Shule haendi. Mashine nimeisogeza mpaka mlangoni pa chumba chake, mahali ambapo hakuna mwanga wa maana, nafuma kwa kupapasa huku mlango wake uko wazi. Ningependa kuandika kwamba anapata nafuu. Anameza dawa mbele yangu. Anaoga nikimwambia. Kuna asubuhi anaomba uji, nami natoka mbio kuupika kabla hajabadilisha mawazo, kisha narudi nakuta ameshayabadilisha. Sijui huyu mtoto yuko wapi. Namfulia, namlisha, namtazama akilala, na ninammisi kama mtu aliyesafiri.

Wiki iliyopita, mchana, nilikuwa natoa uzi kwenye sindano, akaniambia kutoka kitandani, "Mum, najua kuhusu yule anti."

Nikauacha uzi. "Nani alikwambia?"

"Watoto wa anko. Krismasi, tukiwa kwa kukhu. Walisema nimepewa mtu aliyejiua. Walikuwa wanacheka." Kukhu ni bibi yake, mama mkwe wangu. "Mimi nilicheka pia. Halafu tukarudi Nairobi, nikaanza kusikia hivi ninavyosikia, nikasema aa, kumbe ni yeye. Kumbe si mimi."

Niliingia nikaketi kitandani. Nilimwambia yote daktari aliyosema, kuhusu ubongo ambao bado unajengwa, kuhusu wepesi unaorithiwa na mwisho usiorithiwa. Nilimwambia jina ni jina tu, tunaweza kulibadilisha kesho, achague lolote. Nilizungumza sana, kama muuza duka anayeona mteja anaelekea mlangoni. Alinisikiliza kwa adabu.

"Alikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Akasema, "Muulize dad."

Mume wangu alikuwa nje, anafua ovaroli yake kwenye karai. Nilimuuliza kwa sauti ya chini. Aliendelea kusugua kola kwa muda.

"Kumi na sita," akasema. "Alikuwa ametoka tu kufikisha."

Binti yetu anafikisha kumi na sita mwezi wa nane. Mume wangu aliinua uso akanitazama, povu limemfika viwikoni, nami nikaona kwamba amekuwa akihesabu muda wote huu, huenda tangu mtoto alipozaliwa. Nilirudi ndani. Katika ile korido fupi nilikuwa na nafasi ya kuamua, nami ni mtu ambaye siwezi kuvumilia wanaoficha mambo. Niliwasema watu wa mume wangu mbele ya lango la hospitali, niliwaita majina mabaya.

"Baba yako hakumbuki," nikamwambia.

"Hakumbuki ama hasemi?"

"Hakumbuki, mwanangu. Alikuwa mdogo sana."

Alinitazama kidogo, akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Sawa," akasema. "Nitamuuliza kukhu akija."

Na kukhu wake yuko njiani, anafika Ijumaa, na tangu siku ile ya benchi hanyamazi tena.